Kindu ni masaa mawili, Kabambare ni siku ngapi?

Muulize mtu wa Kinshasa: toka huku mpaka Maniema ni mbali namna gani? Atakujibu bila kufikiri sana: masaa mawili. Wala hasemi uongo. Kutoka Kinshasa mpaka Kindu, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 1.185. Boeing ikisha kupanda juu inakimbia karibu kilomita 800 kwa saa. Ongeza muda wa kupanda na muda wa kushuka, masaa mawili yanatosha.

Sasa muulize baba anayechimba dhahabu upande wa Salamabila: toka Kindu mpaka kwenu ni mbali namna gani? Huyu hatakutajia masaa. Atakuuliza kwanza: mvua inanyesha ao hainyeshi? Uko na pikipiki ao unangojea kamyo? Uko na makuta ya bariere? Ukisha kumjibu, njo atakuambia ni siku ngapi.

Watu wawili, nchi moja, jimbo moja, na kila mmoja anapima umbali kwa kipimo chake. Leo tunataka kuzungumza juu ya hivyo vipimo viwili, kwa sababu bei ya chumvi, bei ya dhahabu na maisha ya wagonjwa wetu vinatoka humo. Na kwa sababu kila mara mkubwa fulani akija kututembelea anatuahidi ndege, na sisi tunapiga makofi bila kuuliza njia.

Tuanze na ramani. Chukua karte ya Congo ya shule, ile watoto wanayo. Weka rula juu ya Kinshasa, ivute moja kwa moja kuelekea mashariki, usiipandishe wala usiishushe sana. Utapita Bandundu, utapita Kasaï, utavuka Lualaba, na mbele kidogo rula itagusa Kasongo. Kinshasa iko kwenye digrii 4 na dakika 19 za kusini. Kasongo iko kwenye digrii 4 na dakika 27. Kabambare, digrii 4 na dakika 42. Ni kama vijiji vitatu kwenye njia moja. Tofauti iko kwa jua: linatokea Kasongo karibu dakika 45 kabla ya kutokea Kinshasa.

Kwa huo mstari, Kinshasa–Kasongo ni karibu kilomita 1.260, na Kinshasa–Kabambare karibu kilomita 1.370. Toka Kindu mpaka Kasongo ndege wa porini ataruka kilomita karibu 190. Toka Kasongo mpaka Kabambare, karibu 115. Toka Namoya mpaka Bukavu, karibu 220. Hesabu hizi zikamate vizuri, tutazirudilia.

Kuna jambo lingine linalochanganya familia zinazongojea mtu kwenye kiwanja cha ndege. Ndege inatoka Kinshasa saa mbili ya asubuhi, inafika Kindu, unatazama saa ya ukutani: saa tano. Wengi wanasema ilichukua masaa matatu. Hapana. Maniema, kama Kivu na Katanga, iko saa moja mbele ya Kinshasa. Ndege imeruka masaa mawili, saa ya tatu ni ya mshale tu. Na wakati wa kurudi ni kinyume: ukitoka Kindu saa sita, unafika Kinshasa wakati watu wa kule wanasema saa saba. Mtu asikudanganye kwamba kurudi kunakwenda mbio kuliko kuja.

Basi Kinshasa–Kindu, kilomita 1.185, masaa mawili. Kindu–Kasongo, kilomita 190 kwa anga, lakini kwa njia ya nchi ni zaidi ya 200. Kwanza unavuka Lualaba, kwa sababu Kindu haina daraja juu ya mto. Unaanza njia upande wa Alunguli. Wakati wa kiangazi, motari mwenye nguvu na pikipiki nzima anajua namna atafanya. Wakati wa mvua, kamyo inaingia kwenye tope, inakaa siku mbili, tatu, watu wanalala chini yake, kamyo zingine zinapanga foleni nyuma. Sehemu ndogo ya safari inakula muda mara kumi, mara ishirini kuliko sehemu kubwa. Na mwenye kwenda Kabambare hajafika bado. Ile kilomita 115 ya mwisho, ambayo ndege ndogo kama Caravan ingeiruka chini ya nusu saa, inaweza kuwa njo safari ndefu kuliko zote.

Wazee wetu walijua tangu zamani kwamba huku kwetu kilomita haisemi kitu. Yule Mwingereza David Livingstone alitoka Ujiji, ng'ambo ya Tanganyika, Julai 1869. Alifika Kabambare Septemba ya mwaka ule ule, majuma kumi hivi. Kisha mvua na vidonda vya miguu vilimfunga katika sehemu hiyo, akatoka mwanzo wa 1871 kwenda Nyangwe. Toka Ujiji mpaka Kabambare, kwa mstari, ni kilomita karibu 220 tu. Leo ndege ndogo ingemaliza kwa saa moja, na chai ingekuwa bado moto kwenye terimosi.

Lakini tazama jambo hili. Katika miaka ile ile, wakati safari ilikuwa miezi, pembe za tembo zilitoka Kasongo na Nyangwe zikafika pwani, Bagamoyo na Zanzibar, na kutoka pale zikaenda Ulaya na Marekani. Zilibebwa juu ya vichwa na mabega ya watu, wengi wao watumwa. Mali yenye bei kubwa siku zote inapata njia ya kutoka. Mwenye kuichukua haulizi njia ni mbaya, anauliza faida ni kiasi gani. Waliobaki nyuma ni watu wa vijiji, na njia ilibaki vile ilivyokuwa.

Wabelgiji nao walileta reli. Mwaka 1910 njia ya Kindu–Kongolo ilimalizika, kilomita 355. Reli hiyo inapita upande wa magharibi wa Lualaba: Kibombo, Samba, Kongolo. Kasongo na Kabambare ziko upande wa mashariki. Toka siku ile treni inatupita ng'ambo ya maji, na siku hizi hata hao wa ng'ambo hawajui itapita siku gani.

Tuje sasa kwa dhahabu, maana wengi wenu mnaosoma hapa mnakula kwa dhahabu. Kilo moja ya dhahabu ni kitu kidogo sana: ukubwa wake ni kama viberiti viwili vimewekwa pamoja. Inaingia mfukoni. Machi 2025, kwenye soko la dunia, onsi moja, maana yake gramu 31 na kidogo, ilipita dola 3.000 kwa mara ya kwanza. Piga hesabu: ni dola 96 hivi kwa gramu moja, dola 96.000 kwa kilo. Mtu mwenye mzigo wa namna hiyo mfukoni, tiketi ya ndege kwake ni nini? Hata akikodi pikipiki mbili na walinzi, bado ni kitu kidogo mbele ya mzigo wake.

Lakini mfuko wa chumvi wa kilo 25 hauwezi kulipa tiketi. Katoni ya sabuni haiwezi. Bidoni ya mafuta haiwezi. Mabati ya kuezeka nyumba, sima ya kujengea, vitabu vya watoto: vyote hivi ni vizito na bei yake ni ndogo, vinapenda njia ya nchi. Ukiviweka ndani ya ndege, bei inapanda juu pamoja na ndege. Ukiviweka kwenye tope, bei inalala pale na kamyo, na kila usiku wa kulala unaongezwa kwenye bei.

Njo namna tunavyoibiwa mara mbili bila kuona mwizi. Dhahabu inatoka kwetu kwa kipimo cha masaa, chakula kinaingia kwa kipimo cha siku. Mnunuzi akifika kwenye shimo anakuambia: "Baba, bei ya Kindu si bei ya hapa, ni mbali, njia ni hatari, nitakukata." Anakata gramu yako juu ya umbali. Jioni unakwenda kwa mwenye duka, naye anakuambia: "Baba, chumvi imepanda, ni mbali, njia ni mbaya." Anakuongezea bei juu ya umbali ule ule. Mchimbaji analipa umbali wakati wa kuuza, analipa tena wakati wa kununua. Na aliyeko Kinshasa anasema Maniema ni masaa mawili. Kweli wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Vita imetufundisha tena somo hilo. Mwisho wa Januari 2025 Goma ilianguka, na kiwanja chake cha ndege kikafungwa. Katikati ya Februari ikawa zamu ya Kavumu, kiwanja cha Bukavu, kisha Bukavu yenyewe. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Maniema walitegemea Goma na Bukavu kwa vitambaa, dawa, vyombo na vipuri vya pikipiki. Kwenye karte, Kindu–Bukavu ni kilomita karibu 330, Kindu–Goma karibu 395. Karte haikubadilika hata milimita moja. Lakini umbali ulibadilika kwa usiku mmoja. Ndege haipimi umbali peke yake. Amani nayo inapima, na nchi ambayo inategemea kiwanja kimoja ao viwili inaweza kufungwa kama nyumba yenye mlango mmoja.

Wako watu ambao watatujibu: basi, kama njia ni mbaya, leteni ndege, viwanja vijengwe Kasongo, Salamabila na Kabambare, mambo yaishe. Tunaelewa wazo hilo, na kwa upande mmoja liko na haki. Mama ambaye uchungu umemshika na mtoto amekaa vibaya hawezi kungojea tope likauke. Mchimbaji aliyeangukiwa na shimo, mguu umevunjika, damu inatoka, kwake nusu saa ya ndege na siku mbili za pikipiki si tofauti ya muda, ni tofauti ya kuishi na kufa. Kasongo ni mji ambao katika miaka ya 1970 ulijulikana kwenye shule kubwa za udaktari juu ya Mradi wa Kasongo, kazi iliyofanywa pamoja na chuo cha magonjwa ya joto cha Antwerp. Madaktari wa nchi zingine walikuja kujifunza kwetu namna ya kupanga hospitali na vituo vya afya vya vijiji. Leo mgonjwa wa Kabambare anafika Kasongo akiwa amefungwa nyuma ya pikipiki, kama anafika. Kwa hiyo ndege kwa ajili ya wagonjwa, ndiyo, tunaitaka, na majani ya kiwanja yakatwe kila mwezi, si tu siku ambayo waziri anakuja.

Lakini ndege haiwezi kuwa jibu kwa watu wote, na sababu zake ni tatu.

Ya kwanza ni bei. Kabla hujafika kwenye kiti, tayari unalipa kodi ya kiwanja, ile Go-Pass, ambayo ilipoanzishwa mwaka 2009 ilikuwa dola 10 kwa safari za ndani ya nchi. Familia ya watu sita ingelipa dola 60 kabla ya kununua tiketi hata moja. Ni wachimbaji wangapi wanaweza?

Ya pili ni uhakika na usalama. Tangu mwaka 2006 kampuni za ndege za Congo ziko kwenye orodha nyeusi ya Umoja wa Ulaya, hazina ruhusa ya kuruka kule, kwa sababu ulinzi wa ndege na wa marubani hauaminiwi. Kiwanja kisicho na mnara, kisicho na taa, kisicho na habari za hali ya hewa, kinafanya ndege ya nusu saa iwe ndege ya kungojea siku tatu. Muda wa kuruka si muda wa safari. Hesabu na siku za kungojea.

Ya tatu njo kubwa kuliko zote: ndege inasaidia kile chenye bei kubwa kitoke, haisaidii kile chenye uzito kiingie. Kama tutajenga viwanja tu na kuacha njia, tutakuwa tumefungua mlango wa dhahabu na kufunga mlango wa chumvi.

Kwa hiyo tunasema wazi: njia Kindu–Kasongo–Kabambare kwanza. Hatuombi lami ya miujiza. Njia ya udongo, ikiwa na mifereji ya maji kwa pande zote mbili, na watu wa vijiji waliolipwa kila mwezi kuilinda, inaweza kupitika mwaka mzima. Wazee wanakumbuka wale makantonie, kila mmoja na kipande chake, jembe na koleo. Wanakumbuka pia bariere ya mvua: mvua ikinyesha, kamyo nzito zinasimama masaa machache mpaka njia ikauke, zisiipasue. Ile bariere ilikuwa ya kulinda njia. Bariere za leo, nyingi ni za kulinda tumbo la mwenye kushika kamba. Kila moja inakula makuta, na kila moja inakula saa. Mwenye kuondoa bariere kumi zisizo na sheria amefupisha njia bila kuchimba hata shimo moja.

Makuta yatatoka wapi? Yako. Kuna Office des Routes, na kuna FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, ambao unakula kwenye mafuta ya gari kila mtu anayonunua. Kuna programu ya maendeleo ya teritware 145, na Kasongo na Kabambare ni mbili kati ya hizo 145. Kuna pia sheria ya madini iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018. Inasema kampuni inayochimba dhahabu kwa leseni inalipa redevance ya asilimia 3,5. Katika ile redevance, asilimia 50 inakwenda serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa chefferie ao sekta ao mji ambako madini yanatoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inatakiwa kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka.

Tunajua mtasema: Namoya, Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara mwanzo wa 2016, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi juu ya usalama, sasa tutadai nani? Swali ni la haki. Lakini kampuni moja ikienda, nyingine inakuja, maana dhahabu haikwenda. Na siku watakapokaa na wakubwa wa vijiji kuandika yale makubaliano, watu waseme "njia" kabla ya kusema "kiwanja cha mpira". Na kila mwaka mkubwa wa chefferie asimame mbele ya watu aseme: asilimia 15 yetu ilikuwa kiasi gani, na ilitengeneza kilomita ngapi. Hiyo si kumtukana mkubwa. Njo kumheshimu, kwa sababu anayeonyesha hesabu haogopi macho ya watu.

Wababa na wamama wa machimbo, na nyinyi vijana wa vyama vya wachimbaji: siku mgeni atakapokuja na karte yake na kusema kwamba Maniema iko karibu, ni masaa mawili tu, mpokeeni vizuri, mpeni kiti. Kisha mwombeni jambo moja. Asirudi Kindu na ndege iliyomleta. Arudi na njia, Kabambare mpaka Kasongo, Kasongo mpaka Kindu, mwezi wa Novemba, nyuma ya pikipiki, na mfuko wa chumvi mbele yake. Akifika Kindu aandike ripoti yake. Tutakuwa na furaha ya kuichapisha hapa, pamoja na hesabu ya siku.